Mtoto wa sista ako na sikoseli, wanataka aingie risachi ya dawa. Tuweke sahihi ama tukatae?

Nyar_Ugenya

Hamjambo wote. Mnisaidie na hii kitu kabla Jumatano na tafadhali msinicheke, mimi nauza mitumba hapa Nakuru, mambo ya madaktari si yangu, lakini kwa familia yetu ni mimi tu niko na bando kila siku so kila swali inaishia kwangu.

Sista yangu anakaa nyumbani Ugenya. Kijana wake ako na miaka saba na ako na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tulijua akiwa mdogo sana, vidole vya mikono na miguu vilifura analia usiku kucha, dani (nyanya) akasema hiyo ni chira, laana ya kuvunja mila, ati kuna mambo ya boma haikumalizwa, tukazunguka kwa wazee na kwa maombi mpaka siku moja daktari fulani akasema hebu huyu apimwe damu. Tangu siku hiyo ni paludrini ya kuzuia malaria kila asubuhi, foliki, maji mingi, sweta hata jua ikiwaka. Mwaka jana aliongezewa damu mara mbili.

Sasa wiki jana kwa kliniki wakakuja watu wawili wamevaa vitambulisho shingoni wakamwita sista kando. Wakamwambia kuna risachi inaanza ya watoto wa sikoseli chini ya miaka kumi. Nusu wataendelea na paludrini ya kila siku, nusu watapewa dawa ingine ya kumeza mara moja kwa wiki, wafuatwe mwaka mzima waonekane nani anashikwa na malaria na nani hashikwi. Nani anapata gani ni kompyuta inachagua. Akapewa fomu, kurasa kumi na moja, aende nayo nyumbani asome, iko ya Dholuo na ya Kiswahili, hakulazimishwa kuweka sahihi hapo hapo. Hiyo nilipenda.

Lakini nyumbani kumewaka moto. Dani anasema hao ni watu wa kuuza damu, mtoto mwenyewe damu ni ya kuomba halafu mnaenda kumtoa ingine? Shemeji yuko Mombasa kwa kazi, yeye anauliza kwa simu, kompyuta ndio itachagulia mtoto wangu dawa kwani daktari amesomea nini? Na mimi nina yangu ndogo. Kuna msichana mkubwa wa miaka kumi na mmoja, alipimwa kwa kiklinik kimoja huko akaambiwa pia ni "positivu", amekuwa akipewa paludrini miaka miwili, lakini hajawahi kuugua hata siku moja vile kaka yake anaugua. Huyo inakuwaje?

fisi_wa_kibuye

Kama damu inauzwa naomba namba ya huyo mnunuzi, mimi ni grupu O na niko na deni ya watu watatu.

Sorry. Wenye akili wanakuja.

sista_wa_zamu

Pole sana kwa dada yako, kulea mtoto wa sikoseli ni kazi ya usiku na mchana. Nimefanya wodi ya watoto huku Kisumu miaka mingi na katikati hapo kuna miaka mitatu nilikuwa sista wa risachi, so nitakwambia vile naijua, tamu na chungu.

Nianze na damu juu hiyo ndio inamnyima dani usingizi. Kwa fomu kuna pahali wameandika watatoa mililita ngapi na mara ngapi, itafute. Mililita tano ni kijiko kimoja cha chai. Mtoto wa kilo ishirini ako na kama lita moja na nusu mwilini. Kwa hivyo kijiko hakimmalizi, na hiyo chupa ndogo yenye kibandiko cha namba hakuna mgonjwa anaweza kuongezewa apone, mwambie dani hata mganga hawezi kuitumia. LAKINI wasiwasi wake si upuzi. Mtoto wa sikoseli himoglobini yake (ile kitu nyekundu ya damu inayobeba hewa) ya kawaida mara nyingi inacheza kwa saba, nane, wakati wa jirani iko kumi na moja na zaidi. So muulize hivi: siku amekuja damu iko chini sana, bado mnatoa? Risachi iliyopangwa vizuri hiyo jibu imeandikwa tayari, haibuniwi hapo kwa dawati.

Sasa ya shemeji. Hii kompyuta watu wengi huona ni kama bahati nasibu ya afya ya mtoto na naelewa. Fikiria daktari ndiye anachagua. Yule mama anakuja kliniki mapema kila mwezi, mtoto safi, ananunua neti, daktari bila kujua atampea dawa mpya. Yule anakaa mbali, nauli hana, anapewa ya zamani. Mwisho wa mwaka dawa mpya imeshinda, na kumbe ni mama ndiye ameshinda. Kompyuta haijui mama yuko aje, inarusha shilingi tu, hivyo pande mbili zinafanana na ile tofauti inabaki ni ya dawa.

Na usifikirie daktari huwa anajua halafu anaficha. Kuna risachi ilifanywa Kenya, Uganda na Tanzania, moja ya hosi zake ilikuwa Mbale hapo ng'ambo ya Malaba, ikachapishwa 2011. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko wa damu umekuwa mbovu. Sisi wote tulifunzwa huyo mtoto anajazwa maji ya dripu haraka, nimeifanya kwa mikono hii. Kompyuta ikagawa watoto, wengine wakajazwa haraka, wengine wakapewa polepole tu. Kwa masaa 48, kati ya kila 100 waliojazwa haraka walikufa kama kumi na zaidi kidogo, na wale wa polepole saba. Ilisimamishwa mapema. Siku nilisoma hiyo nilikaa kwa ngazi ya wodi nikahesabu sura. So mtu akiniambia daktari mwenyewe achague juu anajua, mimi hunyamaza.

Kuhusu hii dawa yenyewe, si swali jipya kabisa. Homa Bay walishafanya kitu ya karibu na hiyo, watoto 246 wa sikoseli chini ya miaka kumi, wengine paludrini kila siku, wengine dawa mbili tofauti za mara moja kwa mwezi, mwaka mmoja, majibu yakatoka 2022. Hizo za mwezi hazikuishinda paludrini kwa kuzuia malaria. Kwa hivyo swali lako la kwanza kwa hao watu wa vitambulisho liwe hili: Homa Bay walishauliza, nyinyi mnauliza nini mpya? Wakishindwa kukujibu kwa lugha unaelewa, rudi nyumbani ukapike.

Na msichana. Omera hii ndio imeniudhi. Kuna kipimo cha bei rahisi wanaweka tone la damu kwa kioo na dawa fulani wanaangalia kama seli zinajikunja. Hicho kinasema tu kuna himoglobini S hapo ndani, hakiwezi kukwambia kama mtoto amebeba moja ama mbili. Aliyebeba moja (AS) si mgonjwa, ni kama wewe na mimi tu. Aliyebeba mbili (SS) ndiye mgonjwa. Kwa vile haugui, dau langu ni AS na amemeza paludrini miaka miwili bure. Apelekwe kipimo cha kutenganisha himoglobini, elektroforesisi ama kile kipya cha tone moja la kidole kinachojibu kwa dakika chache, kliniki nyingi za sikoseli ziko nacho. Msimwachishe dawa kwa maneno yangu ya hapa, pimeni kwanza.

Halafu mwambie dani, kwa upole, chira haina kosa hapa. Dada yako na shemeji wote wawili wamebeba moja moja bila kujua. Kila mimba nafasi ni moja kwa nne mtoto achukue zote mbili. Hakuna mtu alikosea kwa boma.

Ja_Kondele

Sista umeongea vizuri sana mpaka nikataka kuweka sahihi mimi mwenyewe na sina mtoto. Lakini wacha niseme upande ule haupendwi.

Huku kwetu tumefanyiwa risachi mpaka mbu wa Siaya wanajua kujaza fomu. Neti zenye dawa zilijaribiwa Asembo na Gem miaka ya tisini, kupashwa tohara ilijaribiwa hapa Kisumu vijana 2,784, chanjo ya malaria Kombewa na Siaya, tembe za kuzuia virusi, kila kitu. Sisemi hazikusaidia. Neti zilipunguza vifo vya watoto, hiyo hata mimi sibishi, nimelala ndani ya neti. Nauliza tu kwa nini sisi ndio wa kujaribiwa wa kwanza na hosi zetu ndio za mwisho kupata panadol.

Mimi nilikuwa ndani ya moja. Sitaitaja wala pahali. Nilienda mwaka mzima, nikatolewa damu, nikajibu maswali mengine hata ya aibu mbele ya msichana mdogo kuniliko, siku ya mwisho nikapewa sabuni na cheti kiko na jina langu limekosewa. Wakasema majibu yakitoka tutaitwa baraza. Mpaka leo. Sijui kama ile dawa ilifanya kazi ama mimi nilikuwa nameza unga. Miaka sita sasa. Siku moja binamu yangu wa chuo akaniambia ameiona kwa mtandao, imechapishwa zamani, kuna mpaka picha ya grafu, mimi ni nukta mahali hapo kwa grafu.

Na msiniambie hakuna watu wamewahi kudanganywa. Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende walifuatwa kutoka 1932 mpaka 1972 bila kutibiwa, na dawa penisilini ilikuwa imeshapatikana. Kano, Nigeria, 1996, mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni kubwa ya Marekani ikaenda na dawa yake kwa watoto 200, wazazi wakasema baadaye hawakujua hiyo ni risachi walidhani ni matibabu. Kampuni ilikana kosa lakini 2009 ikakubali kulipa serikali ya jimbo dola milioni 75. So dani si mjinga. Dani ni historia.

sista_wa_zamu

Ja_Kondele sina ubishi na hata moja. Hiyo ya kutorudi na majibu ndio ilinifanya nitoke huko kwa ukweli. Pesa ya kukusanya damu ilikuwa kwa bajeti, pesa ya kurudi kuongea na watu haikuwa. Ukiuliza unaambiwa projekti imefungwa.

Moja tu nikurekebishe kidogo, si unga. Mara nyingi ukiwa kwa kundi la plasebo ni tembe imetengenezwa ifanane na dawa lakini haina dawa ndani, hata sisi tunaokupea hatujui. Na kwa hii ya Nyar_Ugenya hakuna plasebo, pande zote mbili zinapata dawa ya kweli, juu paludrini ndio ya kawaida kwa hawa watoto na huwezi kumnyang'anya mtoto wa SS kinga ya malaria ili uone atakufa ama hatakufa. Kamati ya maadili ingerudisha hiyo karatasi siku hiyo hiyo.

Ja_Kondele

Tembe ya unga basi. Nimekubali.

MamaD_Ahero

Nyar_Ugenya mos ahinya, pole sana. Wangu ana miaka tisa, SS, tuko Ahero hapa kwa mpunga, mnajua mbu wa huku.

Mimi nitakuongelesha kama mzazi. Wangu anameza haidroksiyurea, dawa ya sikoseli yenyewe, miaka mitatu sasa, na hiyo dawa zamani madaktari huku walikuwa wanaiogopa, wanasema ni dawa kali inashusha seli za kupigana na magonjwa, ukimpea mtoto wa Afrika malaria itammaliza. Sababu ilikuwa na maana lakini hakuna mtu alikuwa amepima. Uganda wakaipima na plasebo, ikatoka 2017, malaria haikuongezeka. Halafu ikaja ile kubwa ya nchi nne, Angola, Kongo, Uganda na hapa Kenya upande wa Kilifi, watoto 606, wakachapisha 2019, maumivu yalipungua zaidi ya nusu, malaria yenyewe karibu nusu, kuongezewa damu kulishuka mpaka theluthi moja ya vile ilikuwa, na vifo pia. Kile kitu walikuwa wanaogopa ndio kilipungua. Kabla ya dawa wangu tulikuwa tunalazwa kila muhula, walimu walikuwa wamezoea kiti chake kiko wazi. Mwaka huu amelazwa mara moja tu. So kuna mama fulani simjui, Kilifi ama Luanda, aliweka sahihi kwa fomu kama hiyo ya dada yako. Huwa namfikiria.

Lakini pia nimekuwa ndani ya moja ya kufuatwa tu, si ya dawa, na nitakwambia siri yake. Ule mwaka wa risachi unatunzwa kama bibi arusi. Nauli unarudishiwa, foleni hakuna, simu ya sista unapiga saa nane usiku anashika. Mtoto akipata homa gari inakuja. Siku ya 366 unarudi kwa laini na sisi wengine na hiyo namba haishikwi. Hiyo ilinivunja roho kuliko sindano. Muulize mapema, ikiisha, kama hiyo dawa ya wiki ndio nzuri, mtoto wetu ataendelea kuipata ama mnaibeba mnaenda nayo?

Na mimi sijasoma sana lakini hiyo fomu usome ya Dholuo hata kama Kizungu unakijua. Ya Kizungu unaruka ruka. Ya Dholuo unasikia.

mzee_wa_darubini

Nimesoma yote nikatabasamu kwa vile nilikuwa mtu wa maabara miaka thelathini na kidogo na sikoseli ndio ilikuwa ugonjwa wangu wa kupenda, kama mtu anaweza kupenda ugonjwa. Sasa niko ritaya nafuga kuku. Mniruhusu niongee kirefu.

Mnajua hii siri ya sikoseli na malaria ilifichuliwa na damu ya hapa kwetu? Kulikuwa na Mzungu mmoja anaitwa Anthony Allison, alilelewa hapa Kenya. Mwaka 1949 akiwa mwanafunzi alizunguka nchi akikusanya damu ya watu wa makabila mengi. Akaona kitu cha ajabu. Watu wa pwani na watu wa kando ya ziwa hili letu, waliobeba S moja wanazidi ishirini kwa mia. Watu wa milimani, hakuna hata mmoja kwa mia. Akajiuliza pwani na ziwa zinafanana kwa nini, lugha ni tofauti, chakula ni tofauti. Kinachofanana ni mbu. Ndio akawaza kwamba huenda S moja inamkinga mtu asiuawe na malaria, na ndio maana haijaisha kwa ukoo ingawa ukibeba mbili inakuua. Hiyo ndio sababu sikoseli iko kwetu na kwa Wagiriama na haiko sana Nyeri. Si laana. Ni ngao imepinda.

Sasa, kuiweka wazi ndio hadithi yenyewe. Miaka ya hamsini pale Nairobi alichukua wanaume 30, wote Waluo, 15 wamebeba S moja na 15 hawana, watu waliokuwa wamekaa mbali na malaria muda mrefu. Akawaambukiza malaria makusudi. Wale 15 wasio na S, malaria ilishika 14. Wale wenye S, ilishika wawili tu. Ikachapishwa 1954 na dunia nzima ya sayansi ikasimama kuipigia makofi, mpaka leo iko kwa kila kitabu cha baiolojia.

Nimefundisha wanafunzi hiyo hesabu, 14 na 2, miaka yote, safi kama maji ya kisima. Halafu siku moja kijana mmoja kwa maabara, tena alikuwa mtu wa kunyamaza, akaniuliza, mwalimu hao watu thelathini waliitwa nani? Nikakosa jibu. Karatasi inasema walijitolea. Sawa. Lakini hebu fikiria Nairobi ya wakati ule, nchi iko chini ya hali ya hatari, Mwafrika anatembea na kipande, Mzungu ako na sindano na koti jeupe, kujitolea hapo ni kujitolea kwa namna gani? Azimio la Helsinki, ile miongozo ya madaktari wa dunia ya kumlinda mtu anayefanyiwa risachi, lilikuja 1964, miaka kumi baadaye.

Leo Kilifi bado wanaambukiza watu wazima malaria makusudi kujifunza kinga, na mimi siwapingi hata kidogo, mtu anaelezwa, anapimwa kama ameelewa, anakaa chini ya uangalizi, anatibiwa, na siku anataka kutoka anatoka. Kitendo ni kile kile, sindano ni ile ile, na bado ni vitu viwili tofauti.

Kwa hivyo Nyar_Ugenya, mimi ningekushauri uangalie mambo mawili kwa zile kurasa kumi na moja, mengine wenzangu wamesema. Ukurasa wa nyuma kabisa kuna namba za kamati ya maadili, hiyo si ya watafiti, ni ya wale wanaowachunga, JOOTRH (ile hosi kubwa ya rufaa Kisumu) wako na yao, chuo cha Maseno wako na yao, KEMRI (taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba) wako na yao, na kwa vile ni dawa lazima pia Bodi ya Famasia na Sumu iwe imepitisha. Piga hiyo namba leo kabla ya sahihi, uliza tu kama risachi ya jina hili iko kwenu. Ikishikwa na mtu akakujibu, hiyo pekee inasema mengi.

La pili, sampuli. Kuna kijisanduku kidogo mahali kinauliza kama unakubali damu iliyobaki iwekwe kwa friji kwa risachi za baadaye, pengine isafirishwe nje, pengine wasome jeni. Hicho ni cha peke yake. Mtu anaweza kukubali risachi na akakataa friji. Wengi huweka alama bila kusoma kwa sababu wamechoka ni ukurasa wa tisa.

fisi_wa_kibuye

Mzee hii ungeniambia nikiwa fomu tu singepata D ya baiolojia.

Ja_Kondele

Mzee, 14 na 2. Nimekaa na hiyo. Babu yangu alikuwa Nairobi miaka hiyo akifanya kazi ya reli.

mzee_wa_darubini

Wengi walikuwa huko kijana wangu. Ndio maana walipatikana.

Nyar_Ugenya

Aki nyinyi watu. Nimesoma hii yote kwa kibanda wateja wananiuliza bei ya jinzi siwasikii.

Wacha niwaambie imefika wapi. Jana nilimpigia sista tukaandika maswali kwa daftari ya hesabu ya kijana, akapiga ile namba ya risachi akaiweka spika na mimi nikawa kwa laini ingine nasikiza. Alishika msichana mmoja hivi mpole. Ya Homa Bay tukamuuliza, akashtuka kidogo mmeijulia wapi, halafu akajibu vizuri, akasema kule watoto walioshikwa na malaria walikuwa wachache sana pande zote so ilikuwa ngumu kuona tofauti, hii yao watachukua watoto wengi zaidi na dawa ni ya kila wiki si ya mwezi. Ya damu, ikiwa chini ya kiwango fulani wanapima tone la kidole tu hawatoi chupa. Iko kwa ukurasa wa nne, kumbe sista alikuwa ameiruka.

Ya siku ya 366 akanyamaza. Akasema kijana atarudi kwa paludrini kama kawaida mpaka serikali iamue. MamaD hapo ulisema ukweli. Angalau hakutudanganya.

Ya majibu, Ja_Kondele hii ni yako, nilimuuliza mtarudi kutuambia? Akasema watarudi. Nikamwambia iandikwe. Akasema ataongea na wakubwa. Sista ameiandika mwenyewe na kalamu kwa kopi yetu, tarehe na jina la huyo msichana, sijui kama inasaidia kitu kortini lakini iko.

Namba ya kamati ilishikwa mara ya tatu. Mzee mmoja akasoma jina la risachi akasema ndio iko, imepitishwa.

Shemeji alisikiza ile ya mama ndiye ameshinda akacheka, akasema sawa kompyuta ichague. Lakini friji amekataa katakata, ati damu ya mtoto wake haiendi mahali yeye mwenyewe hajawahi kupewa viza. Kwa hivyo friji ni hapana.

Msichana tulimpeleka kwa kliniki ile kubwa akapimwa na kile cha kidole. AS. Daktari akasema awache paludrini leo hii. Msichana akauliza kwa hivyo miaka miwili nilikuwa nakunywa ile kitu chungu ya nini, hakuna mtu alimjibu.

sista_wa_zamu

Mpe soda kutoka kwangu. Na mumwambie akiwa mkubwa, kabla ya kuoa na kuolewa, huyo bwana naye apimwe.

Kijana mwenyewe amesemaje? Saba ni mdogo kwa karatasi lakini si mdogo kwa maskio.

Nyar_Ugenya

Aliuliza moja tu, kama akikataa sindano siku moja watamfukuza kwa kliniki. Sista akamwambia hapana. Akauliza nani amesema. Akaambiwa ukurasa wa saba. Akataka kuuona huo ukurasa.

Ni Jumatano saa mbili asubuhi. Dani amesema hawezi kuzuia lakini anakuja, anataka kuhesabu chupa.

fisi_wa_kibuye

Dani aende na kijiko chake cha chai.

Nyar_Ugenya

Ameshakiweka kwa mkoba, wallahi.